Mtoto Akishtuka Ukigonga Sufuria, Je, Anasikia?

Bibi yangu ana kipimo chake cha masikio. Mtoto akifikisha mwezi mmoja hivi, bibi anamlaza kitandani, anasimama upande wa kichwani, kisha anagonga mfuniko wa sufuria kwa mwiko. Mtoto akishtuka, kazi imekwisha: "Huyu anasikia." Wajukuu na vitukuu karibu wote tumepitia mtihani huo, na mpwa wangu, binti wa dada, naye alifaulu. Alirusha mikono, akakunja uso, akalia. Tukacheka.

Miaka mitatu na miezi minne baadaye, mtaalamu wa usikivu alituketisha akatuambia kwamba, kwa jinsi anavyoona, mtoto huyu hajawahi kusikia neno hata moja likiwa zima.

Hapo katikati tulipita njia ambayo nadhani familia nyingi zinaijua. Kwanza, "baba yake naye alichelewa kuongea." Halafu kwenye kituo kimoja cha afya tukaambiwa tusiwe na haraka, ataongea tu. Halafu jirani akashauri akatwe kile kikamba cha chini ya ulimi (hatukukubali, nashukuru). Mimi wakati huo nilikuwa nasoma fiziolojia chuoni, na mada ya sikio nilikuwa nimeifanyia mtihani na kupata alama nzuri tu. Sikushtuka hata kidogo. Kwa hiyo hii makala naiandika nikiwa na deni.

Swali lenyewe ni hili: inawezekanaje mtoto asiyesikia akaishi katikati ya watu wazima wanaompenda, miaka mitatu, bila mtu kujua?

Kwa nini sufuria inadanganya

Mfuniko ukigongwa karibu na mtoto, hakitoki kitu kimoja. Kuna sauti, ndiyo, lakini pia kuna upepo kidogo, kuna kivuli cha mkono, kuna mtikisiko unaopita kwenye kitanda. Mtoto mchanga hushtuka kwa vyote hivyo. Ukimfanyia kipimo hicho ukiwa umeegemea kitanda, hujui umepima nini.

Halafu sauti yenyewe ni kubwa mno. Mazungumzo ya kawaida, ukiwa umesimama kama mita moja kutoka kwa mtu, yana ukubwa wa desibeli 60 hivi. Sufuria iliyogongwa karibu na kichwa inaweza kuvuka 90. Na desibeli hazijumlishwi kama shilingi: kila zikiongezeka 10, nishati ya sauti inazidishwa mara 10. Yaani kati ya 60 na 90 tofauti ya nishati ni mara 1,000. Mtoto aliyepoteza sehemu kubwa ya usikivu anaweza kabisa kuruka kwa sufuria, na bado mama yake akimsemesha polepole akapata vipande tu, au asipate kitu.

Sababu ya tatu ndiyo inayonishangaza mpaka leo. Mtoto kiziwi wa miezi mitatu anafanana kabisa na mtoto anayesikia. Analia, anacheka, anakutazama machoni, anatoa zile sauti za "aguu, aguu" ambazo akina mama wanazipenda. Sauti hizo za mwanzo hazihitaji masikio. Tofauti inaanza kuonekana pale mtoto anayesikia anapoanza kupanga silabi, ba-ba-ba, ma-ma-ma, kati ya mwezi wa 6 na wa 10 hivi. Mwaka 1988 watafiti wa Marekani, Oller na Eilers, walionyesha kwamba watoto viziwi huchelewa sana kufika hatua hiyo. Lakini ukisubiri dalili hiyo, karibu mwaka mzima umeshapita, na mwaka huo si wa kupoteza.

Ubongo umeshaanza kazi kitambo

Tunazungumza kama vile mtoto anaanza kusikia siku anayozaliwa. Sivyo. Sehemu ya sikio la ndani inayopokea sauti, inayoitwa koklea, ni kijibomba kilichojisokota kama nyumba ya konokono. Kijibomba hicho hufikia ukubwa wake wa utu uzima katikati ya ujauzito. Mtoto bado hajafika nusu kilo, tayari ana koklea ya ukubwa atakaokuwa nao akiwa mzee. Kuanzia wiki ya 25 hadi ya 28 hivi anaanza kuitikia sauti.

Anachosikia humo ndani si kama tunavyosikia sisi. Sauti nyembamba zinazuiwa na mwili na majimaji. Zinazopita vizuri ni sauti nzito na mahadhi. Ni kama unavyosikia redio ya jirani kupitia ukuta: maneno huyashiki, ila unajua kabisa kama ni mpira, taarifa ya habari au taarab. Na hayo mahadhi yanabaki kichwani. Mwaka 1980, DeCasper na Fifer waliwapa watoto wenye umri usiozidi siku tatu chuchu bandia iliyounganishwa na kinasa sauti. Mtoto akinyonya kwa mwendo fulani anasikia sauti ya mama yake, akibadilisha mwendo anasikia mwanamke mwingine. Watoto walirekebisha unyonyaji wao ili kumpata mama. Mwaka 2009 watafiti wengine walirekodi vilio vya watoto wachanga 60 wenye siku chache tu, nusu Wafaransa, nusu Wajerumani. Vilio vya Wafaransa vilielekea kupanda, vya Wajerumani kushuka, kama lugha za mama zao zilivyo. Kumbe hata kulia tunalia kwa lafudhi.

Baada ya kuzaliwa kazi inakwenda kasi zaidi. Mtoto wa miezi sita anaweza kutofautisha sauti za lugha ambayo hajawahi hata kuisikia. Werker na Tees, mwaka 1984, waliwapima watoto wa familia za Kiingereza huko Kanada kwa sauti za Kihindi na za lugha moja ya wenyeji wa Kanada. Wadogo walizitofautisha bila shida. Walipokaribia mwaka mmoja uwezo huo ulikuwa umepungua sana. Ubongo unaachana na sauti zisizotumika nyumbani na kunoa zinazotumika. Mtoto wa Tanga anajifunza kwamba "ng'" na "ng" si kitu kimoja, wa London hana haja ya kuhangaika na hilo mwanzoni mwa neno.

Sasa fikiria ubongo uliojiandaa hivyo, halafu hakuna kinachoingia. Haukai kusubiri. Maeneo yaliyotakiwa kushughulikia sauti huanza kupewa kazi nyingine, hasa za macho na za kugusa.

Sikio linalojibu

Mtoto mchanga hawezi kuulizwa "umesikia?" Kwa miaka mingi hili lilikuwa ukuta. Kule Colorado, Marekani, mtaalamu mmoja aitwaye Marion Downs alianza miaka ya 1960 kusukuma wazo la kuwapima watoto wote hospitalini kabla hawajarudi nyumbani. Lakini njia aliyokuwa nayo ilikuwa kupiga sauti na kumwangalia mtoto kama ameshtuka. Ni sufuria ya bibi, ila ya kitaalamu zaidi, na matatizo yake ni yale yale.

Mlango ulifunguliwa na mwanafizikia wa London, David Kemp. Mwaka 1978 alichapisha kitu ambacho wengi hawakukiamini mara moja: ukiweka maikrofoni ndogo sana ndani ya tundu la sikio na kupiga mlio mfupi, baada ya milisekunde chache sikio linarudisha sauti. Si mwangwi wa kawaida kama wa pangoni. Sikio lenyewe linatengeneza sauti. Thomas Gold alikuwa ameshatabiri mwaka 1948 kwamba ndani ya koklea lazima kuwe na mtambo unaoongeza nguvu, akapuuzwa, akaenda zake kuwa mwanaastronomia.

Mtambo wenyewe ni seli zenye vinyweleo. Kila koklea ya binadamu ina seli za ndani kama 3,500, ambazo ndizo zinazopeleka taarifa kwenye ubongo, na seli za nje kama 12,000, ambazo kazi yake ni kucheza. Sauti ikifika, zinajikunja na kujinyoosha, zinakuza mtikisiko ili za ndani zipate kitu cha kusoma. Huko kucheza kwake kunavuja kidogo kurudi nje kupitia ngoma ya sikio, na hiyo ndiyo sauti aliyoinasa Kemp. Ukiipata, unajua seli za nje ziko hai. (Zikifa, basi. Kuku na vyura huotesha nyingine, sisi hapana.)

Kwa hiyo kipimo kwa mtoto kinakuwa rahisi ajabu. Mtoto anyonye, alale. Mhudumu anaweka kidubwasha laini cha mpira kwenye tundu la sikio, mashine inatoa milio myepesi, inasikiliza jibu. Kama chumba kimetulia, sikio moja ni dakika moja au mbili. Hakuna sindano, hakuna damu, mara nyingi mtoto haamki.

Mashine inatoa majibu mawili tu: amepita, au arudie. Hapa wazazi wengi wanaumia bure. "Arudie" si "kiziwi". Tuchukue mfano wa watoto 1,000. Duniani, kati ya watoto 1 na 3 kwa kila 1,000 huzaliwa na tatizo la kudumu la usikivu. Tuseme ni wawili. Kama mashine itawarudisha watoto 5 kwa kila 100, utakuwa na wazazi 50 waliopata wasiwasi, na 48 kati yao watoto wao wanasikia vizuri. Tundu la sikio lilikuwa bado na utando mweupe wa kuzaliwa, au nyuma ya ngoma ya sikio kulikuwa na majimaji. Ndiyo maana mtoto aliyepimwa saa chache baada ya kuzaliwa hurudishwa zaidi kuliko aliyepimwa kesho yake. Kosa kubwa si kurudishwa. Kosa ni kurudishwa halafu usirudi.

Mtoto ambaye mashine ingempitisha

Nilipoanza kusoma haya kwa ajili ya uzamili, nilijiambia kwamba mpwa wangu angepimwa siku anatoka hospitali, tungejua siku hiyo hiyo. Nikaenda kuangalia majibu yake vizuri. Seli zake za nje zilikuwa zinajibu kama kawaida. Kwa mashine ya Kemp peke yake, angepita.

Mtoto huyu alipata manjano kali wiki ya kwanza. Si homa ya manjano, ni ule unjano wa ngozi na macho ambao watoto wachanga wengi huupata kwa kiasi na unaisha. Kinachosababisha rangi hiyo ni bilirubini, taka ya seli nyekundu za damu zilizovunjika. Ikizidi sana inaingia kwenye ubongo, na moja ya sehemu inazopenda kuumiza ni njia ya usikivu: mshipa unaotoka kwenye sikio na vituo vyake kwenye shina la ubongo. Koklea inabaki nzima. Sauti inaingia, seli zinacheza, lakini ujumbe unaopanda juu umevurugika, kama stesheni isiyokamata vizuri. Mtoto anaweza kugundua kwamba kuna sauti, lakini neno halipati.

Kumnasa mtoto wa aina hii kunahitaji kipimo cha pili. Unabandika vijiti vidogo vya kunasa umeme kwenye paji la uso na nyuma ya sikio au shingoni, unapiga milio kwenye sikio, halafu kompyuta inatafuta mawimbi madogo ya umeme yanayopita kwenye mshipa na shina la ubongo. Nacho hakiumi. Kinachukua muda mrefu kidogo na mashine yake ni ghali zaidi, kwa hiyo sehemu nyingi huanza na kile cha kwanza kwa watoto wote. Lakini kwa mtoto aliyelazwa wodi ya watoto wachanga wagonjwa, aliyezaliwa njiti, aliyechelewa kulia alipozaliwa, au aliyepata manjano hadi kuhitaji kubadilishwa damu, kipimo cha mwangwi peke yake hakitoshi. Hili ningependa kila mzazi wa mtoto aliyewekwa chini ya taa ya bluu alijue.

Miezi sita

Mwaka 1998 Christine Yoshinaga-Itano na wenzake, Colorado hukohuko kwa Downs, walilinganisha watoto 150 wenye matatizo ya usikivu. 72 waligunduliwa kabla ya miezi sita, 78 baadaye. Waliogunduliwa mapema walikuwa mbele wazi kwenye lugha. Ukubwa wa tatizo la usikivu haukubadilisha picha hiyo, wala kama familia ilitumia maneno au ishara haukubadilisha. Kilichofanya tofauti ni lini. Kutokana na kazi kama hiyo wataalamu wa Marekani wakaweka kanuni ya 1-3-6: apimwe kabla ya mwezi 1, uhakika upatikane kabla ya miezi 3, huduma ianze kabla ya miezi 6.

Mtu anaweza kuuliza, kama ni tatizo dogo, kuna haraka gani? Sikiliza Kiswahili chenyewe. Sauti kama s, f na th ni nyembamba na hafifu, ndizo za kwanza kupotea mtoto akikosa usikivu wa sauti za juu. Sasa "sitaki", "sijui", "simo": ukanushi wa nafsi ya kwanza umoja umebebwa na hiyo s. Kati ya "nitakula" na "nilikula" kuna silabi moja katikati ya neno, isiyotiwa mkazo. Lugha yetu imeficha mambo makubwa kwenye vitu vidogo, na mtoto anayesikia nusu ataonekana "mtundu" au "mzito darasani" miaka mingi kabla mtu hajafikiria masikio.

Huduma yenyewe hutegemea tatizo. Kuna vifaa vya kukuza sauti, ambavyo mtoto wa miezi mitatu anaweza kuvaa, ingawa kile kipande kinachokaa sikioni lazima kitengenezwe upya mara kwa mara kwa sababu sikio la nje linakua. Kuna kipandikizi cha koklea, waya wenye elektrodi 12 hadi 22 hivi unaochukua nafasi ya zile seli maelfu. Muhimbili walianza upasuaji huo mwaka 2017, kabla ya hapo watoto wetu walikuwa wakipelekwa India. Mwaka 2002 Sharma na wenzake walionyesha kwamba watoto waliozaliwa viziwi na kupandikizwa kabla ya miaka mitatu na nusu, ubongo wao uliitikia sauti kwa wakati wa kawaida. Waliopandikizwa baada ya miaka saba, kwa kawaida haukuweza. Mpwa wangu alikuwa na miaka mitatu na miezi minne. Kupanga safari, fedha na vipimo, miezi miwili inakwisha haraka.

Na kuna Lugha ya Alama ya Tanzania, ambayo watu huitaja mwishoni kama vile ni pa kuangukia baada ya kushindwa kwingine. Mimi sikubaliani na hilo. Ubongo wa mtoto unatafuta lugha, haujali sana inapitia mlango gani. Petitto na Marentette waliandika mwaka 1991 kuhusu watoto viziwi wa wazazi wanaotumia ishara: walikuwa wanabwabwaja kwa mikono, silabi za vidole, umri ule ule wenzao wanaposema ba-ba-ba. Shida ni kwamba zaidi ya asilimia 90 ya watoto viziwi huzaliwa na wazazi wanaosikia, watu kama sisi, tusiojua ishara hata moja siku tunapoambiwa. Mpwa wangu sasa ana miaka tisa, yuko shule ya bweni ya viziwi, anasema mambo mengi kwa kasi kubwa. Likizo akirudi, anayemwomba mwenzake arudie polepole ni mimi.

Kadi ya kliniki

Kwetu kipimo hiki bado si sehemu ya kawaida ya huduma kwa kila mtoto anayezaliwa. Hoja ya gharama naielewa, na pia wapo wanaojifungulia nyumbani. Lakini karibu watoto wote wanaletwa kuchanjwa. Kule Lagos, Bolajoko Olusanya na wenzake waliweka mashine kwenye kliniki za chanjo ya BCG na kuwapima watoto wakiwa kwenye foleni ile ile. Afrika Kusini nako wamejaribu kupima kwenye kliniki za chanjo. Sisi mama anarudi wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Wiki ya 6 majimaji ya kuzaliwa yameshakauka, na kanuni ya miezi mitatu bado haijapita. Sioni siku nzuri zaidi ya hiyo.

Sehemu ya kazi haihitaji hata mashine. WHO inakadiria kwamba karibu asilimia 60 ya upotevu wa usikivu kwa watoto unatokana na mambo yanayozuilika. Chanjo ya surua-rubela tunayo tangu 2014, na rubela kwa mjamzito ni adui mkubwa wa masikio ya mtoto tumboni. Homa ya uti wa mgongo ni nyingine. Jentamaisini inaokoa watoto wachanga wenye maambukizi, usiikatae hata kidogo, ila inaweza kuua zile seli zenye vinyweleo, kwa hiyo mtoto aliyeipata kwa siku nyingi apimwe baadaye.

Kama una mtoto mchanga na alikuwa na mojawapo ya hayo, au kuna kiziwi wa kuzaliwa kwenye ukoo, muulize daktari hospitali gani ya karibu ina kipimo cha mshipa wa usikivu, si cha mwangwi tu. Kama ana miezi kumi na hajaanza ba-ba-ba, nenda hata kama baba yake alichelewa kuongea. Na akishapita kipimo ukaendelea kuwa na wasiwasi, rudi tena: kuna watoto ambao usikivu hupungua baadaye, miezi au miaka baada ya kuzaliwa, na aliyepita jana anaweza asipite mwakani.